Neno la Adhuhuri: Kisa cha Mariamne



Tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetukutanisha tena Ijumaa hii, na tunamsalia Bwana Mtume Muhammad, rehema na amani zimshukie yeye, ahali zake na sahaba zake wote. Ndugu zangu, na mama na dada zangu mlioko nyuma ya pazia, nawausia pamoja na kuiusia nafsi yangu kumcha Mwenyezi Mungu katika tunayoyasema na katika tunayoyasikia. Mawaidha mengi hushika ulimi, na ulimi unastahili. Leo nataka tushike sikio.

Nitawapa kisa cha mwanamke aliyeishi Baytul-Maqdis kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, amani iwe juu yake. Alikuwa Myahudi wa nasaba ya wafalme na makuhani, jina lake Mariamne. Jina hilo ni Maryam hili hili tunalowapa binti zetu, ila limepita katika ndimi za Wayunani. Mwaka 29 kabla ya Miladia aliuawa kwa amri ya mume wake, mfalme Herode, mtu ambaye habari zake zote zinakiri kwamba alimpenda mke huyu mapenzi ya kupindukia. Hakufumaniwa na mtu. Hakuna shahidi aliyesimama akasema nimeona. Yaliingizwa maneno katika sikio la mumewe adhuhuri moja, na maneno hayo yakatosha.

Habari hizi kwa sehemu kubwa tumezipata kwa mwanahistoria wa Kiyahudi aitwaye Josephus, aliyezaliwa mwaka 37 Miladia na ambaye mwenyewe alijinasibu na ukoo wa Mariamne. Miaka nitakayoitaja katika kisa hiki ni ya kabla ya Miladia, kwa hiyo inahesabiwa kwa kushuka.

Ukoo wake, Wahasmonia, ulikuwa umewatawala Wayahudi kwa takriban karne moja. Kisha ndugu wawili wa ukoo huo, Hyrcanus na Aristobulus, wakagombania kiti, na Warumi wakapata mlango. Mwaka 63 jemadari Pompeius aliingia Baytul-Maqdis na jeshi lake, na tangu siku hiyo neno la mwisho likawa la Rumi. Watoto wa ndugu wale wawili waliozana, mtoto wa huyu na mtoto wa yule, pengine kwa kutaka kuufunga ufa. Katika ndoa hiyo akazaliwa Mariamne na mdogo wake wa kiume. Baba yake alikatwa kichwa Antiokia kwa amri ya Pompeius, Mariamne akiwa bado mtoto. Akalelewa na mama yake, Alexandra, na babu yake, Hyrcanus.

Herode hakuwa wa ukoo huo. Baba yake alikuwa Mwidumea, mama yake, Kypros, Mwarabu wa watu mashuhuri. Alipanda kwa akili, kwa upanga, na kwa kujua ni Mrumi gani wa kupendeza mwaka gani. Alikuwa na mke, Doris, na mtoto wa kiume kwa mke huyo. Aliwaondoa wote wawili, akamposa Mariamne, kwa sababu alihitaji jina la Wahasmonia kama mtu anavyohitaji hati ya kiwanja. Harusi ilifanyika Samaria mwaka 37. Bwana harusi alitoka kwa muda mfupi katika vita kwenda kuoa, jeshi lake likiwa limeizingira Baytul-Maqdis, na ndani ya kuta za mji aliyekuwa akipigana naye ni ami yake bibi harusi. Alipomaliza fungate akarudi kuuteka mji, na ami yule akauawa na Warumi.

Tuitazame sasa nyumba yenyewe. Ilikuwa na wanawake wanne wenye kauli. Mariamne na mama yake Alexandra upande huu. Upande wa pili Kypros, mama wa mfalme, na Salome, dada wa mfalme, yaani wifi yake Mariamne. (Salome huyu si yule binti anayetajwa katika kisa cha kuuawa kwa Nabii Yahya. Yule alikuja vizazi kadhaa baadaye.) Miaka 3 kabla ya harusi, Waparthi walipoivamia nchi, Herode aliwapeleka wote wanne katika ngome ya Masada, juu ya jabali linalotazama Bahari ya Chumvi, akawaachia askari 800, yeye akaenda Rumi kutafuta ufalme. Maji yakakaribia kuwaishia kule juu. Wakafikia kupanga kutoroka, ndipo Mwenyezi Mungu akateremsha mvua usiku, mabirika yakajaa. Wanawake wale walikunywa rehema moja, katika birika moja, wakiwa hawajui kama watashuka jabali lile wazima. Wakashuka. Na hawakupatana.

Mariamne alikuwa na kosa lake, na sitalificha, kwa sababu mawaidha yanayomfanya mtu mmoja malaika na wengine mashetani hayamfai mtu yeyote. Alikuwa na ulimi. Alikuwa akiwatupia mama mkwe na wifi yake uduni wa asili yao, waziwazi, wao wa kuja na yeye wa wafalme. Ndugu zangu, neno la nasaba halisahauliki. Tunajua namna Bwana Mtume alivyomkemea sahaba wake mpenzi, Abu Dharr, alipomvunjia mwenzake heshima kwa kumtajia mama yake, akamfahamisha kwamba bado ana chembe ya ujahili ndani yake. Huyo ni Abu Dharr, na ilikuwa mara moja. Mariamne alilirudia miaka, ndani ya nyumba ambamo aliyetukanwa ndiye aliyekuwa na nafasi ya kuingia kwa mfalme saa yoyote. Binti yangu uliyeolewa katika watu unaowaona si wa kiwango chako, na wewe pia nakusemesha. Wifi yako hakuhitaji umpende sana. Alihitaji usimdharau.

Lakini kudharau hakulipwi kwa kuua, na huko ndiko mambo yalikoelekea.

Mdogo wake Mariamne, Aristobulus, alifanywa kuhani mkuu akiwa na miaka 17, baada ya dada mtu na mama mtu kumsumbua Herode. Kijana alikuwa mzuri wa sura, mrefu, na aliposimama madhabahuni katika sikukuu ya vibanda watu walimlilia kwa furaha, wakiwakumbuka wazee wake. Herode aliona. Mwaka 35, huko Yeriko, siku ya joto, vijana wakiwa wanaoga katika madimbwi ya kasri, watu wa mfalme walimzamisha kijana yule kama wanacheza naye, mpaka akakata roho. Mazishi yalikuwa ya fahari, na Herode alilia sana. Mariamne alirudi kulala katika nyumba ya mtu huyo.

Marcus Antonius, bwana wa mashariki yote wakati huo, akamwita Herode ajieleze. Herode aliondoka akijua huenda asirudi. Kabla ya kuondoka alimwachia shemeji yake, Joseph, mume wa Salome, amri ya siri: akiuawa huko aendako, Mariamne naye auawe, asije akawa wa mwanamume mwingine. Joseph, kwa ujinga wake, akamwambia Mariamne habari hiyo, akidhani anamthibitishia jinsi anavyopendwa. Mariamne akaelewa alichoelewa.

Herode akarudi salama. Salome alikuwa anamsubiri na neno: mkeo na Joseph walikuwa wakikaa pamoja mno. Angalieni, huyo Joseph ni mume wake mwenyewe Salome. Herode akamwuliza mkewe, mkewe akaapa, naye akamwamini, wakakumbatiana, wakalia, akamwambia jinsi anavyompenda. Hapo Mariamne akamwuliza kama ile amri ya kumwua ilikuwa nayo ni mapenzi. Herode akaruka kama aliyeumwa na nyoka, akazishika nywele zake mwenyewe, akapiga kelele kwamba Joseph asingeitoa siri ile bila ya kupewa kitu kikubwa na mwanamke. Akamwua Joseph bila ya kumsikiliza, akamfunga Alexandra, na Mariamne akaponea chupuchupu.

Nataka msimame nami hapa kidogo. Mfalme alikuwa ameuliza swali, akapewa jibu, akaridhika. Mambo yalikuwa yameisha. Lililomwasha tena halikuwa ushahidi mpya wa zina. Lilikuwa ukweli kuhusu yeye mwenyewe, kwamba alipanga kumwua mkewe, na ukweli huo ulipotoka mdomoni mwa mke ukageuzwa kuwa ushahidi dhidi ya mke. Wangapi wetu hufanya hivi? Mke anasema, bwana, jambo hili limeniumiza. Na mume, badala ya kusikia maumivu, anauliza: nani kakwambia, unakutana na nani, nani anakutia maneno? Suala linahama kutoka alichofanya yeye likawa alivyojua yeye mwanamke. Nimekaa katika vikao vya suluhu vya kutosha kulijua jambo hili kwa sura zake.

Miaka ikapita. Mwaka 31 Antonius akashindwa vitani, na Herode aliyekuwa upande wake ikabidi aende Rhodes kumwangukia mshindi, Octavianus. Kabla ya kuondoka alimwua Hyrcanus, babu yake Mariamne, mzee wa umri mkubwa asiyeweza kumdhuru mtu. Akawatenganisha wanawake, maana ilikwisha kuwa haiwezekani kuwaweka pamoja: mama yake na dada yake Masada, Mariamne na mama yake katika ngome ya Alexandrium, chini ya mtu aitwaye Soemus. Na Soemus akapewa amri ile ile. Na Soemus naye, kwa zawadi na maneno mazuri, akaitoa. Mara ya pili mwanamke huyu akajua kwamba mumewe amemchimbia kaburi kabla hajafa.

Herode akafaulu Rhodes, akarudi na taji lake, akamkimbilia mkewe ampe habari njema kabla ya watu wote. Mariamne akashusha pumzi nzito. Hakuweza kuigiza furaha. Mwaka mzima ukapita hivyo, mume akipanda na kushuka, leo amjia kwa mapenzi, kesho kwa hasira, na wifi na mama mkwe wakiyapepea yale makaa kila yalipotaka kuzimika.

Ikafika adhuhuri ile. Mfalme alikwenda kujinyoosha, akamwita mkewe. Akaja, lakini hakulala naye, akamkumbusha damu ya babu yake na mdogo wake. Mfalme akakasirika. Salome akasikia kwamba mfalme amechafuka, na papo hapo akampeleka mnyweshaji, mtumishi wa kumtilia mfalme kinywaji, ambaye alikuwa ameandaliwa muda mrefu nyuma. Akaingia akaeleza kwamba Mariamne amempa zawadi na kumshawishi amtilie mfalme dawa ya mapenzi katika kinywaji chake.

Dawa ya mapenzi. Sisi watu wa huku tunalo jina lake, limbwata, na hakuna asiyelijua. Wala hakuna asiyejua linavyotumika. Mume akimsikiliza mkewe, akirudi mapema nyumbani, akiacha kuwagawia ndugu zake mshahara wote, utasikia: huyu kalishwa. Dada zake watasema, mama yake atasema, na jirani atathibitisha kwa kuwa alimwona mke akiingia kwa mganga, kumbe alikuwa anapita njia. Miaka zaidi ya 2000 imepita tangu mnyweshaji yule aingie chumbani kwa Herode, na uongo ule ule unaingia vyumbani mwetu ukiwa haujabadilishwa hata nguo.

Herode akamtesa mtumishi wa Mariamne, towashi aliyekuwa mwaminifu wake mkuu. Yule hakujua lolote kuhusu dawa. Katika maumivu akasema tu kwamba chuki ya bibi yake ilitokana na jambo aliloambiwa na Soemus. Basi. Dawa ikasahauliwa. Herode akarudi pale pale alipokuwa mara ya kwanza: Soemus asingesema bila ya kulala naye. Soemus akauawa papo hapo. Mariamne akawekewa baraza, watu wa karibu na mfalme, na mshitaki akawa mume mwenyewe, akizungumza kwa ghadhabu isiyofaa mbele ya hukumu. Walipomwona alivyo, wakampa hukumu aliyoitaka. Baadhi yao waliona asiharakishwe, afungwe katika ngome mojawapo. Salome na wenzake wakasisitiza aondolewe haraka, watu wasije wakaleta fujo.

Alipokuwa akipelekwa, mama yake mzazi, Alexandra, kwa kuihofia roho yake, akajitokeza mbele ya umma, akamtukana binti yake, akamwita mwovu asiye na shukrani kwa mumewe, akamvuta nywele. Watu wakaona haya kwa niaba yake. Mariamne hakumjibu hata neno. Alitazama tu, akaenda kufa kwa utulivu, rangi ya uso wake haikubadilika.

Ndugu zangu, katika kisa hiki chote kuna mtu mmoja aliyekosekana. Ametokea dada, mama mkwe, mnyweshaji, wajumbe wa baraza, mama mzazi. Hakutokea mtu wa kusema: mimi namjua mwanamke huyu, na sijui kwake ila kheri.

Kwetu sisi alitokea. Sote tunakijua kisa cha uzushi aliozuliwa mama yetu Aisha, Mwenyezi Mungu amridhie, waliporudi kutoka vita vya Banu Mustaliq. Alitoka kuutafuta mkufu wake uliodondoka, msafara ukaondoka ukidhani yumo ndani ya howda yake, akaja Safwan bin Mu'attal aliyekuwa nyuma, akampandisha ngamia wake na kumwongoza mpaka kwa watu. Abdullah bin Ubayy akaanza, na Madina ikajaa maneno. Kiasi cha mwezi mzima wahyi haukushuka. Mwezi mzima, Mtume wa Mwenyezi Mungu, kiongozi wa dola, mwenye majeshi, akasikia watu wakimsema mkewe, na asinyanyue mkono wala asitoe talaka. Alifanya nini? Aliuliza. Aliwashauri Ali na Usama. Alimwuliza Barira, kijakazi aliyekuwa akiingia na kutoka nyumbani mwake, na hakumtesa kama towashi yule alivyoteswa na Herode. Barira akasema kwamba kosa pekee analoweza kumtajia bibi yake ni kuwa ni msichana mdogo, hupitiwa na usingizi akauacha unga alioukanda, mbuzi akaja akaula.

Kisha akamwuliza Zaynab bint Jahsh. Mtafakari huyo alikuwa nani. Mke mwenza, na katika wake wote wa Bwana Mtume ndiye aliyekuwa akishindana na Bi Aisha kwa hadhi. Dada yake mwenyewe Zaynab, Hamna, alikuwa miongoni mwa waliokuwa wakiyaeneza yale maneno kwa kumpigania dada yake. Mlango ulikuwa wazi. Neno moja tu la mashaka lingetosha, wala hakuhitaji kusema uongo, angenyamaza kidogo tu, au angeguna. Zaynab akalilinda sikio lake na jicho lake, akasema kwamba hajui kwa Aisha ila kheri. Bi Aisha mwenyewe ndiye aliyeisimulia habari hiyo baadaye, akashuhudia kuwa uchamungu ndio uliomkinga mwenzake.

Na Abu Ayyub na mkewe walipoyasikia maneno, Abu Ayyub alimwuliza mkewe kama yeye angeweza kufanya jambo lile. Akasema, la wallahi. Akamwambia, basi Aisha ni bora kuliko wewe. Mazungumzo ya mume na mke ndani ya nyumba yao, hakuna aliyewatuma, hakuna aliyewasikia, na Waislamu wanayasimulia mpaka leo. Kuna pia yule mama wa Kiansari, jina lake halikutajwa, aliyeingia akamkuta Bi Aisha analia baada ya siku mbili za machozi, akakaa naye akalia pamoja naye. Yule hakuwa na hoja wala ushahidi. Alikuja kulia. Mariamne alivutwa nywele na aliyemzaa.

Sikuwapambanisha watu hawa ili niseme kwamba Bwana Mtume ni bora kuliko Herode. Hilo halihitaji kusemwa msikitini, na ni utovu wa adabu hata kuwaweka katika mizani moja. Nimewaletea kwa sababu sisi tunadai kumfuata Mtume, na tukiletewa neno kuhusu wake zetu tunafuata mwendo wa Herode. Suratun-Nur ilishuka kumtakasa Bi Aisha na ikaweka sheria: anayemzulia mwanamke mtahirifu bila ya kuleta mashahidi 4 apigwe mijeledi 80, na ushahidi wake usikubaliwe tena. Katika Suratul-Hujurat tumeamrishwa tukiletewa habari na mtu fasiki tuichunguze, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukaamka tunajuta. Tumekatazwa dhana nyingi, kupekua na kusengenyana. Hizi si nasaha za wazee wa mtaa. Ni amri, kama swala ilivyo amri.

Kujuta, basi, tukutazame. Baada ya Mariamne kuuawa, mapenzi ya Herode yakawaka kuliko alipokuwa hai. Alikuwa akimwita kwa jina. Aliwaamuru watumishi wamwite bibi yao, kana kwamba yuko chumba cha pili, nao walisimama hawajui waende wapi. Akaandaa karamu ili asahau, hazikumsaidia. Akaziacha shughuli za dola. Ikaingia tauni iliyoua raia wengi na watu wake wa karibu, na wengi wakasema ni ghadhabu ya Mungu kwa dhuluma aliyofanyiwa malkia. Akakimbilia nyikani akisingizia kuwinda, akaugua huko, kichwa kikimuuma kwa nyuma, mpaka akabebwa hadi Samaria, mji ule ule alikofungia ndoa.

Salome naye, mleta maneno. Mume wake wa kwanza, Joseph, alikufa kwa maneno yake. Mume wake wa pili, Costobar, alimchongea kwa kaka yake, akauawa. Kisha wana wawili wa Mariamne, Alexander na Aristobulus, walipokua na kuanza kuulizia damu ya mama yao, mashine ile ile ikaanza kuzunguka. Aristobulus alikuwa amemwoa binti yake Salome. Mama akawa anamhoji binti yake juu ya yale mumewe anayomwambia kitandani, na kuyapeleka kwa mfalme. Mwaka 7 vijana wote wawili walinyongwa kwa amri ya baba yao, huko huko Samaria, uliokwisha kupewa jina la Sebaste. Salome akamfanya binti yake mjane kwa mkono ule ule uliomsukuma mnyweshaji. Kila nyumba aliyoitia moto ilikuwa na mtu wake ndani.

Na uzushi haukufa na aliyezuliwa. Herode alikuwa na mwandishi wake, Nicolaus wa Damascus, msomi mkubwa, aliyeandika historia ya bwana wake, na humo akazirudia tuhuma za uchafu dhidi ya Mariamne ili mauaji yaonekane ya haki. Josephus, karne moja baadaye, ndiye aliyesema wazi kwamba mwandishi yule alisema uongo kwa kutaka kumfurahisha mfalme. Hebu fikirini. Mwanamke amekwishakuwa udongo, na bado kuna mtu anashika kalamu amchafue, na inapita karne kabla ya kupatikana wa kumtetea.

Herode alimjengea mnara. Katika kasri lake la Baytul-Maqdis alisimamisha minara mitatu: mmoja kwa jina la kaka yake, mmoja kwa jina la rafiki yake, na wa tatu kwa jina la Mariamne. Ulikuwa mfupi kuliko mingine, dhiraa 55, lakini ndani yake ulipambwa kuliko yote. Mwaka 70 Miladia, Titus alipoubomoa mji, aliiacha minara hiyo isimame. Msingi wa mmojawapo upo hadi leo karibu na Babul-Khalil. Mawe yamewekwa kwa ustadi mkubwa. Mke hakurudi.

Mama zangu wenye vijana waliooa, na dada zangu wenye kaka: kaka yako anakuamini kwa sababu mmenyonya titi moja. Amana hiyo ni nzito. Ukiwa umeona jambo la hakika na lina madhara, kuna njia ya kulisema, kwa mzee mwenye hekima, kwa siri, kwa nia ya kutengeneza. Ukiwa huna hakika, kuwa Zaynab. Nanyi mnaotumiana picha za skrini na sauti zilizorekodiwa katika simu, kila unapozipeleka mbele unasimama pale aliposimama yule mnyweshaji, na Mwenyezi Mungu anakuona.

Na wewe ndugu yangu uliyekuja Ijumaa hii na neno moyoni kuhusu mkeo, neno uliloletewa, ambalo hujamwuliza. Umelibeba tangu juzi, unakula nalo, umelala nalo umempa mgongo. Usilipeleke kwa ndugu zako. Usitamke talaka juu yake. Swala ikimalizika nenda nyumbani, funga mlango, mwite, mwulize kwa sauti ya chini, kisha nyamaza mpaka amalize kukujibu.